Majina Yaliyofungiwa Ndani

Bariadi, Jumanne 4 Novemba 1997

Nimenunua daftari hili kwa sababu mkono wangu umekosa kazi. Mwaka wa tisa huu mimi ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya cha misheni, na kazi yangu kubwa ilikuwa lile daftari refu la wagonjwa wa kifua kikuu: jina, kijiji, siku ya kuanza dawa, siku ya kurudi. Tangu Oktoba mosi silishiki tena. Daktari Selestini amesema kuandika mara mbili ni kupoteza muda, kila kitu sasa kinaingia kwenye kompyuta. Sawa. Lakini nikifika nyumbani jioni najisikia kama nimeacha chungu jikoni kinaungua. Basi nitaandika mambo yangu.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Baba amesimama barazani na mikono nyuma, anaangalia shamba kama mtu anayepokea mgeni.

Ijumaa 7 Novemba

Mvua.

Jumatatu 10 Novemba

Niseme ukweli, mashine inafanya kazi. Tuliletewa Agosti, zawadi ya marafiki wa kanisa, na programu iliyomo ameitengeneza kijana wa Mwanza anayeitwa Constantine. Kila Jumatatu tunawasha jenereta, nabonyeza, na printa inatoa majina ya wote waliopaswa kuja kuchukua dawa wiki iliyopita wasije. Marcelo, mhudumu wetu wa vijijini, anakunja karatasi, anaitia kwenye soksi, anapanda baiskeli na kwenda kuwatafuta. Mgonjwa wa kifua kikuu akiacha dawa katikati, ugonjwa unarudi na ukali mwingine, na unahamia kwa waliomzunguka.

Zamani orodha hiyo nilikuwa naitoa kwa kupekua kurasa siku mbili nzima. Leo imechukua muda wa kuchemsha chai.

Alhamisi 20 Novemba

Baba amepata bomba la kupulizia pamba kutoka kwa mnunuzi mpya, mmoja wa hawa waliokuja baada ya soko kufunguliwa. Hakulinunua. Ameazimwa kwa msimu, likiharibika wakala atakuja kulitengeneza, na pamba lazima amuuzie yeye.

"Kwa hiyo si lako," nikamwambia.

"La kwangu nililolinunua wakati wa ushirika liko pale." Akaonyesha kwa kidevu. Linaning'inia kwenye ukuta wa zizi, mpira umekatika mwaka wa tano huu. "Lile ni langu kabisa. Hakuna anayeweza kuja kulichukua, na hakuna anayekuja kulitengeneza."

Sikujua kama analalamika au anacheka. Kwa baba mambo hayo mawili yana sura moja.

Jumatatu 8 Desemba

Mvua siku ya sita mfululizo. Redioni wanaiita Elinino. Watu hapa tayari wanalitumia kama jina la mtu: "Elinino kaniangushia choo."

Ijumaa 19 Desemba

Barua ya Constantine imefika na basi la Mwanza. Daktari ameisoma akiwa amesimama, akasema "tutaona", akaiweka chini ya kopo la kalamu.

Alhamisi 25 Desemba

Krismasi. Kanisa limevuja juu ya kwaya, wakaendelea kuimba.

Jumatatu 12 Januari 1998

Muuguzi wa dirisha la dawa amehamishwa. Amekuja mpya kutoka Mwandoya, anaitwa Esteria, mrefu, mchangamfu, anasalimia mpaka mbwa. Yule wa zamani alikuwa anamjua kila mgonjwa kwa kikohozi chake. Esteria ameniambia, "Dada Nyanjige, mimi hapa namjua Mungu tu na wewe."

Jumatano 28 Januari

Mto Simiyu umejaa kuliko wazee wanavyokumbuka. Watu wa ng'ambo hawavuki. Barabara ya Lamadi nayo imekatika sehemu mbili, basi halijaja tangu Jumamosi. Simu ya posta imekufa. Pamba ya baba imesimama kwenye maji, majani yamekuwa ya njano.

Jumatatu 2 Februari

Leo nimewasha mashine kutoa orodha. Kioo kimekuwa cheusi, kisha yakaja maandishi:

MUDA WA MATUMIZI UMEKWISHA. WASILIANA NA MTENGENEZAJI.

Nimezima. Nimewasha. Maneno yale yale. Nimemwita Daktari. Ameyasoma, akavua miwani, akayasoma tena bila miwani.

"Inataka nini?"

"Inasema muda umekwisha."

"Muda wa nani? Mashine ni yetu!"

Akabonyeza yeye mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya nyumba ambayo watu wamo ndani hawataki kufungua. Hakuna kilichotokea. Marcelo alikuwa mlangoni na baiskeli yake, soksi imevutwa juu, anasubiri karatasi. Mwishowe akauliza, "Basi leo niende wapi?"



Jumanne 3 Februari

Nimeelewa usiku wa kuamkia leo jambo ambalo jana nililiona bila kuliona. Nikaamka nalo, ngoja niliandike vizuri.

Wagonjwa wanaokuja nina uwezo wa kuwahudumia bila mashine. Mtu akija ana kadi yake mkononi, kadi inasema yuko mwezi wa ngapi na anameza nini. Shida ni wasiokuja. Asiyekuja hana kadi mezani kwangu, hana kikohozi mlangoni, hana chochote. Kitu pekee tulichokuwa nacho cha kutuambia kwamba yupo ni jina lake, na jina lake limo ndani ya ile mashine.

Daktari alitoa amri niache daftari, lakini mkono ulioliacha ni wangu. Na nililiacha kwa furaha.

Jumatano 4 Februari

Daftari langu linaishia Septemba. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ana nakala, lakini naye alinakili mwisho wa Septemba. Walioanza dawa Oktoba na kuendelea hawamo. Nimekaa na karatasi tupu kujaribu kuwakumbuka. Wote ni kama mia moja na arobaini. Nimepata sitini na tatu. Ninaowakumbuka ni wasumbufu, wacheshi, na wenye watoto wazuri. Watu wa kimya hawamo.

Nimepekua hata daftari hili nikitumaini niliandika jina la mgonjwa mahali fulani. Nimeandika mvua, na mbwa.

Ijumaa 6 Februari

Daktari amezungumza na Mwanza kwa redio ya misheni. Sauti inakuja na kuondoka. Wamesema watamtafuta Constantine. Nikauliza kwa nini asitusomee tu redioni namba ya kuifungulia mashine. Jibu likaja kwamba hakuna namba, kuna disketi, na lazima iingizwe kwenye mashine kwa mkono.

Daktari akasema, "Nikinunua kitanda, hakuna mtu atakuja Februari kukikunja mgonjwa akiwa juu yake."

Sote tuliokuwemo tulikubaliana naye. Mimi nilikubali kuliko wote. Nilimchukia yule kijana mpaka nikasikia joto masikioni.

Jumanne 10 Februari

Amekuja mtu amelowa mpaka kichwani, amevuka mto ameshika mkia wa ng'ombe. Anaomba dawa za jirani yake wa ng'ambo. Hana kadi, anasema mwenyewe ameogopa italowa. Esteria akaniuliza jina, nikaangalia karatasi yangu ya sitini na tatu, halimo. Daktari akasema bila kadi na bila kumbukumbu hatuwezi kutoa dawa ya TB kwa kubahatisha. Yule mtu akasema "haya", akanywa maji, akaondoka.

Jumapili 15 Februari

Mvua. Ndoo tano ndani ya nyumba.

Jumanne 24 Februari

Mvua.

Jumatatu 9 Machi

Constantine amefika leo saa nne asubuhi, kwa miguu.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nimeyapanga wiki tano. Nikatoka nje nikakuta kijana mwembamba amekaa kwenye ngazi, viatu viko shingoni vimefungwa kamba, nyayo zimechanika kama viazi vilivyochemka. Ujumbe wetu ulimfikia siku kumi na moja zilizopita. Lori lilimfikisha Nassa, hapo akakwama siku tatu, kisha akaanza kutembea, akidandia matrekta pale yalipopatikana. Disketi alikuwa ameifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki na kuivaa tumboni chini ya shati.

"Shikamoo, dada Nyanjige," akasema. "Mashine iko wapi?"

Nikamwonyesha. Nilishindwa hata kuitikia.

Akaingiza disketi. Ikanguruma kidogo, na majina yakarudi, yote, yametulia kama hayajaenda popote. Printa ikatoa orodha ya wasiokuja tangu mwisho wa Januari. Majina kumi na moja. Nikampa Marcelo karatasi, akaondoka bila kumaliza uji.

Hapo ndipo maneno yangu yakarudi. Nikamwambia kwamba amefanya jambo baya. Kwamba hata mnunuzi wa pamba asiye na huruma anafunga mzani wake, hafungi shamba la mtu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, niliandika."

"Uliandika nini?"

"Barua. Desemba. Nikaeleza kwamba miezi sita ya kwanza inaisha Januari thelathini na moja, na kwamba mtu akinijibu tu, hata kama malipo bado, nitaleta disketi kabla mvua hazijakata njia. Nina nakala."

Akaitoa. Herufi za kaboni, za bluu. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Tulimgeukia wote wawili.

"Niliiona," akasema Daktari. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. "Niliiona, Nyanjige. Nikasema simlipi mtu kila mwaka kwa kitu kimoja. Nikajua atakuja kuuliza, na akija tutabishana bei ya kununua moja kwa moja. Sikujua kitajifunga chenyewe."

"Niliandika kwamba kitajifunga," akasema Constantine, taratibu.

"Sikufika huko kwenye barua."

Jumanne 10 Machi

Constantine hawezi kurudi mpaka njia ipone. Amelala kwenye chumba cha wageni cha misheni. Leo nimempelekea chai na nikamuuliza kwa nini haiuzi tu programu yake, mtu akalipa, mambo yakaisha, kama mtu anayeuza meza.

Akasema hivyo ndivyo alivyoanza. Mwaka tisini na tano aliiuzia hospitali moja, hakuitaja jina. Wakalipa mara moja. Baada ya miezi mitatu wizara ikabadilisha fomu, wakamwita. Wakabadilisha dawa, wakamwita. Panya akakata waya, wakamwita. Anakwenda kwa nauli yake, anakula kwa dada yake. Akidai malipo wanamwambia, si tulishanunua?

"Programu walinunua mara moja," akasema, "lakini mimi wakaninunua milele. Mke wangu akaniuliza, wewe umeajiriwa au umeolewa?"

Nikacheka, nikajikasirikia kwa kucheka.

"Na disketi? Kwa nini si namba?"

"Namba watu wanapeana."

Nimerudi ofisini nikifikiria bomba la baba ukutani. Kijana huyu si mwizi. Lakini sitaki kumsamehe haraka. Bado Marcelo hajarudi.

Alhamisi 12 Machi

Marcelo amewapata tisa. Saba wako sawasawa, walikuwa wanatumia kidonge kimoja siku moja wanaruka siku mbili ili visiishe. Wawili wameanza kukohoa upya, wamelazwa. Wa kumi amehamia Lalago kwa kaka yake, tumepeleka ujumbe. Wa kumi na moja yuko ng'ambo ya mto: Bundala, miaka arobaini na minne, mfugaji. Alianza dawa Oktoba. Nimetazama jina lake muda mrefu na hakuna sura iliyokuja.

Maji yamepungua kidogo. Kesho kutwa tunavuka. Marcelo anasema ni lazima twende watu watatu, labda tutarudi na machela. Constantine aliposikia akasema, "Mimi nitakuwa wa tatu."

"Miguu yako?"

"Nitavaa soksi mbili."

Jumamosi 14 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Tumevuka saa mbili asubuhi, tumeshika kamba iliyofungwa kwenye miti pande mbili, maji kifuani. Constantine hajui kuogelea, hakusema mpaka tulipofika upande wa pili. Kutoka pale ni mwendo wa saa moja na nusu kwenye tope. Kila tulipopita tulisalimia, "Mhola?" na watu wakaitikia "Mhola duhu," maana yake ni salama tu, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa zimelala chini.

Nyumbani kwa Bundala tumepokewa na binti yake, Lucy, ana kama miaka ishirini na mitano, mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa ndani, ameegemezwa kwenye magunia ili apumue. Mifupa na macho. Nilipoingia akanitambua kabla mimi sijamtambua.

"Mayu wa mashine," akasema, yaani mama wa mashine. Akajaribu kukaa vizuri, kama mtu anayeona aibu kukutwa amelala.

Hapo ndipo nikamkumbuka. Ni yule aliyekuwa akivua kofia kila akipita mbele ya dirisha langu. Hakuwahi kusema neno lingine.

Nikamuuliza Lucy kwa nini hawakuja. Swali la kijinga, lakini ndilo tunalouliza kila nyumba. 

"Hatukuja?" akasema Lucy. "Baba alikwenda mtoni Jumanne yake, tarehe aliyoandikiwa. Akakaa ukingoni mpaka jua likaenda. Jumanne iliyofuata akaenda tena. Ya tatu nikamwambia asiende, akaenda, akampata mtu anavusha ng'ombe akamtuma kwenu. Mtu yule akarudi akasema, wamesema jina lako halipo."

Nilitaka kukaa lakini hapakuwa na kiti.

"Baba akasema, basi wamenifuta," Lucy akaendelea. "Nikamwambia twende tukaulize wenyewe maji yakipungua. Akasema, mtu akishafutwa anauliza nini."

Constantine alikuwa amesimama nyuma yangu, anachuruzika maji kwenye sakafu ya udongo. Sikugeuka kumwangalia. Bundala akanyoosha mkono chini ya gunia akatoa kadi yake. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, kavu kabisa. Akaniwekea mkononi.

"Iangalie vizuri, mayu," akasema. "Sijakosa hata siku moja mpaka pale."

Nikaiangalia. Hakukosa hata siku moja.

Tumemleta kituoni kwa machela, watu wanane tukipokezana: sisi watatu, majirani wanne na jamaa yake mmoja. Mtoni walimbeba kichwani. Constantine alishika mguu wa nyuma wa machela njia nzima, na mtu alipotaka kumpokea alikataa kwa kichwa.

Jumatatu 16 Machi

Daktari amemwanzishia Bundala dawa upya, na sindano. Nimemwona amekaa kitandani kwake kwa muda mrefu, si kama daktari, kama mgeni. Sijui wanaongea nini. Bundala huwa haongei.

Ijumaa 20 Machi

Njia ya Lamadi inapitika kwa lori. Constantine ameondoka. Hakuaga vizuri. Amesema atarudi kwenye kikao cha kamati, Aprili.

Jumatano 25 Machi

Bundala amekula uji kikombe kizima. Esteria ameitangazia wodi yote.

Alhamisi 2 Aprili

Bundala amefariki asubuhi, saa tatu, Lucy akiwa amemshika mkono.

Sijui kama angepona. Daktari naye amesema hajui, mapafu yalikuwa yameharibika tangu mwanzo, na mwili ulikuwa na mambo mengine. Hayo yote ni kweli. Na ni kweli pia kwamba alikaa ukingoni Jumanne tatu.

Jumapili 12 Aprili

Pasaka. Baba ameng'oa pamba iliyooza na kupanda mtama. Wakala wa mnunuzi amekuja kuulizia bomba. Baba amempa bomba, amempa na ugali.

Jumamosi 18 Aprili

Kikao cha kamati. Ajenda ilikuwa moja: tununue programu moja kwa moja au tulipe kila mwaka. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu Kristofa, mimi ni katibu, na Constantine alikuja, amekonda.

Ameleta njia mbili, ameziandika. Ya kwanza, tununue mara moja, programu ni yetu, haitafungwa kamwe, lakini asiitwe tena kwa chochote. Ya pili, tulipe kila mwaka, aje mara nne, abadilishe kila kinachobadilika.

Mzee Kristofa alipenda ya kwanza. Alisema tumeishi miaka mingi tukipewa vitu, sasa tumeambiwa tununue. Basi kama ni kununua, tununue kweli, si kupanga. Esteria akasema ya pili, kwa sababu Mwandoya waliwahi kununua mashine ya kupima damu, na leo imefunikwa kitambaa, wanawekea maua juu yake. Wakabishana. Nilikuwa naandika muhtasari, katibu hasemi. Halafu nikagundua kwamba kalamu imesimama na ninaongea.

Nikasema njia zote mbili nimeshaziona mwisho wake. Nikasema, "Constantine, kazi yako ilipiwe kila mwaka, kwa sababu unaifanya kila mwaka. Tusipokulipa, usije. Usirekebishe. Zuia hata kuingiza wagonjwa wapya, tutaandika kwa mkono. Lakini majina yaliyokwisha kuingia yafunguke, yasomeke, yachapishwe, siku zote, hata tukikudai sisi au ukitudai wewe. Programu umeitunga wewe. Yale majina hukuyatunga."

 Akasema kitu ambacho namheshimu kwa kukisema mbele ya watu: "Dada, majina hayo yakifunguka, nani atanilipa? Watu hulipa kwa sababu ya kufuli."

  Daktari akazungumza bila kuinua macho.

"Anasema kweli. Barua yake sikuijibu. Majina yangekuwa yanafunguka, nisingemtafuta hata kwa redio, na leo angekuwa ananidai. Mimi ndiye mtu wa aina hiyo anayemsema." Akavua miwani. "Sasa andikeni kwenye mkataba kwamba kila Desemba mosi barua ya kituo itatoka, yenye jibu la malipo, ndiyo au hapana. Mwandike jina langu, si cheo. Jina."

Mzee Kristofa akasema hajawahi kuona mkataba wa namna hiyo. Constantine akasema naye hajawahi. Akaomba maji. Akanywa yote, akasema atajaribu mwaka mmoja, na kwamba mkewe atadhani amerogwa.

Ijumaa 1 Mei

Mvua imekoma siku ya nne. Mtu anasikia masikio yake mwenyewe.

Jumatano 20 Mei

Kavu. Mtama wa baba unaonekana kutoka barabarani.

Jumatatu 8 Juni

Constantine amekuja na programu mpya. Ameisogeza tarehe ya mashine mpaka mwaka kesho, mbele yangu na Daktari, ili tuone. Ikakataa kupokea mgonjwa mpya, kama tulivyokubaliana. Nikabonyeza orodha. Ikafunguka. Majina yote.

Kwenye mstari wa Bundala palikuwa na neno MTORO. Mashine ililiweka yenyewe, kwa hesabu ya siku. Constantine akalifuta haraka, akaandika AMEFARIKI, kisha akabaki na vidole juu ya kibodi. Akaniuliza kama kuna neno lingine. Nikamwambia fomu ya wizara ina maneno matano tu na hakuna hata moja linalotutaja sisi.

Amekaa mpaka saa nane akiliondoa neno lile lisijiandike tena lenyewe. Sasa mashine itauliza kwanza: mmekwenda kumtafuta?

Jumanne 9 Juni

Lucy amekuja kuchukua majibu. Alipimwa wiki iliyopita, yeye na mtoto. Mtoto hana kifua kikuu. Lucy anacho.

Esteria amemweleza vizuri: miezi minane, miwili ya mwanzo kuja kila siku, kisha kila mwezi, na kwamba kinapona. Lucy alisikiliza huku akimfunga mtoto upya mgongoni. Halafu akaja mezani kwangu kuandikishwa. Constantine alikuwa bado yupo, anakusanya vitu vyake, lori linaondoka saa sita.

Lucy akaiangalia kompyuta. "Hii ndiyo iliyosema baba hayupo?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba hapana, ni mimi, niliangalia karatasi. Lakini Constantine alikuwa ameshainuka.

"Ndiyo hii," akasema. "Na aliyeifunga ni mimi. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Nilikuwa nyuma ya machela ile siku, sikukwambia."

 Mtoto akavuta kitambaa. Nilidhani Lucy atalia, au atampiga, na ningemwacha ampige. Akamtazama kijana yule kuanzia miguuni mpaka usoni, bila haraka, kama watu wa huku wanavyomtazama ng'ombe kabla ya kusema bei.

"Unaijua yote, hii mashine?"

"Yote."

"Ikiharibika nikiwa katikati ya dawa, ni wewe?"

"Ni mimi."

Lucy akavuta kiti, akakaa, akaniwekea kadi mpya mezani ili niandike.

"Basi usiende mbali mpaka nipone," akamwambia.

 Constantine akakaa kwenye kiti cha pembeni, akachukua kalamu yangu, na akaandika kwenye kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi, mpaka Februari, siku atakazokuja. Lori lilipiga honi mara mbili nje, kisha likaondoka bila yeye.